Aliyeomba Mtama Alipewa Unga

Tarehe tisa Desemba mwaka 2003, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha, tulifungua kibuyu cha mbegu nyumbani kwetu, upande wa Kiomboi, tukakuta vumbi. Ilikuwa mbegu ya mtama ambao sisi tuliuita mtama wa nyumbani, kwa sababu haukuwa na jina lingine na haukulimwa nyumba nyingine yoyote. Fukusi walikuwa wamekula kila punje wakaacha maganda. Mama mkwe wangu alimimina lile vumbi kwenye ungo, akalipepeta taratibu, akatazama kilichobaki. Hakikubaki kitu. Akaniambia, "Mgeni, osha ungo."

Naye sasa hayupo. Waliokuja matangani walimsifu jinsi watu wanavyosifiwa matangani, nami nilikaa jikoni nikasikiliza. Nimemlilia, na hata leo huwa ninamlilia nikiwa peke yangu shambani, lakini yule waliyekuwa wakimtaja sikumtambua. Nimesoma hadi darasa la saba tu. Nitaandika niliyoyaona.

Mgeni ndilo jina alilonipa. Nilipoolewa nilidhani ni la siku za mwanzo, mpaka nizoeleke. Nikazaa, nikazika, nikazaa tena, nikaota mvi za kwanza, bado nikawa Mgeni. Watoto wa majirani waliokua wakilisikia hawakujua kama nina lingine. Walikuwa wakipita njiani wananiamkia, "Shikamoo, mama Mgeni," kwa heshima kabisa, na yeye akiwa kibarazani aliinamisha kichwa ili wasimwone akicheka.

Kila asubuhi nilikwenda kumwamkia. Nilipiga goti kidogo, nikasema shikamoo. "Sijasikia." Nikarudia. "Umeamkia mlango au umeniamkia mimi?" Nikarudia tena. Hapo ndipo aliposema marahaba, kwa sauti ile ile aliyofukuzia kuku. Masikio yake hayakuwa na ubovu. Alikuwa akisikia mtu anayekohoa ng'ambo ya korongo na kumtaja jina.

Alikuwa na swali moja alilomuuliza kila aliyeingia uani: "Nani kakutuma?" Alimuuliza mchungaji, alimuuliza mtoto aliyekuja kuomba moto. Ulipofika wakati wa vyama vingi, alikuja mwanamume mmoja amevaa fulana mpya, anaomba kura.

"Nani kakutuma?"

"Wananchi, mama. Wananchi ndio walionituma."

"Mimi sikukutuma. Rudi ukawaulize tena, labda walimtuma mwingine."

Yule bwana alicheka. Alipoona kwamba hachekewi, akaaga.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kitu kilianza kuja kwenye pakiti. Mnadani walikuja vijana wenye mbegu za dukani, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Mmoja alimfungulia pakiti mkononi. Mama mkwe akazigeuzageuza kwa ncha ya kidole.

"Hizi mmezipaka rangi ya mdomo zinakwenda harusini?"

"Hapana, bibi. Hiyo ni dawa."

"Dawa. Kwa hiyo ni wagonjwa. Niuzie wazima."

Watu walicheka mpaka yule kijana akahamisha turubai lake. Mama mkwe alipenda kuchekesha watu, lakini sharti awepo wa kuumia katikati. Sikupata kumsikia akitoa mzaha ambao haukumchoma mtu.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikiuacha nitakuwa nimedanganya. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyerukwa na akili, akilala karibu na mnada, watoto wakimtupia mawe. Mama mkwe alikuwa akimchukua kisimani, anamwogesha kwa sabuni yake mwenyewe, anamchana nywele, huku anamtukana kwa Kinyiramba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yule mwanamke alikuwa akitulia kama mtoto. Mtu mwingine akijaribu kumwosha, alimng'ata.

Na mtoto wangu wa kwanza alipofariki, akiwa bado hajatambaa, mama mkwe alisimama mlangoni akasema, mbele ya wanawake wote, "Huyu ameijua nyumba mapema." Kauli hiyo ninayo mpaka leo. Halafu akawatoa wote nje, akamwosha mtoto yeye peke yake, akamfunga katika khanga yake ya kanisani, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Sikumsikia akilitaja tena jina la mtoto, na wala khanga nyingine ya kanisani hakununua. Nimejaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja nimeshindwa. Nayaandika kama yalivyokuwa.

Huwezi kumweleza mama mkwe bila kueleza kiduha. Kiduha ni jani dogo lenye maua mekundu ya kupendeza. Halina mizizi ya kujitafutia, linanyonya mizizi ya mtama, na mtama unakauka ukiwa umesimama kwenye udongo wenye maji. Mashamba ya kwetu yamejaa kiduha. Nimeona mwanamume mzima amekaa chini katikati ya shamba lake, maua yamemzunguka, hana la kufanya. Lakini mtama wa nyumbani kiduha hakikuugusa. Ulipandwa nyuma ya nyumba, mahali pabaya kuliko pote, ukatoka, ukabeba suke zito lililopinda kama shingo ya bata. Shamba la jirani, hatua chache tu kutoka hapo, lilikuwa jekundu.

Majirani walikuja kuomba. Aliwakaribisha, akawasikiliza shida zao zote, akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga. Ndiyo ilikuwa desturi yake: aliyeomba mtama alipewa unga. Punje nzima haikutoka katika ua wake. Hata walipokuja kutusaidia kuvuna, aliwapa ujira wao ukiwa umeshasagwa. "Mnataka kula au mnataka kupanda?" aliwauliza. "Mkitaka kula, huu hapa."

Kuchagua mbegu alifanya peke yake. Kabla ya mavuno alipita shambani akifunga vitambaa kwenye masuke aliyoyapenda. Nikisogea, alisimama kimya mpaka niondoke. Mbegu ilikuwa imetoka kwa mama mkwe wake, ambaye alimkabidhi siku aliyoona amefaa, na mimi nilijua kwamba siku nitakapokabidhiwa kile kibuyu ndiyo siku nitakayokuwa mtu wa nyumba ile. Nilikuwa nikiitaka siku hiyo, siwezi kuficha. Mume wangu alikuwa machimboni kwenye dhahabu, akirudi kwa nadra, na nikimlalamikia alisema, "Vumilia, ndiyo mama." Mbele ya mama yake hata hilo hakulisema.

Miaka ya tisini ilipoanza, lilikuja gari la watafiti. Alikuwemo mama mmoja mtaalamu wa mbegu, dereva, na bwana shamba wetu wa kata, ambaye wakati huo alikuwa kijana. Walikuwa wanakusanya mitama ya kienyeji ili ikahifadhiwe kwenye majokofu, isije ikapotea. Walikuwa wamesikia habari za mtama usioliwa na kiduha.

Nilisubiri aulize nani kawatuma. Hakuuliza. Alichinja jogoo. Aliongea Kiswahili laini ambacho sikujua kama anacho, akamwita yule mtaalamu "mwanangu". Mwisho akaingia ndani, akakawia, akatoka na bakuli. Unga haukuwamo. Zilikuwa punje nzima, nyekundu, safi. Mtaalamu akazipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye bahasha, akaandika juu yake. Akamwachia khanga na sukari.

Jioni nilijikaza nikasema, "Mama, leo umetoa mbegu."

"Wewe uliona."

"Majirani umewanyima miaka yote."

"Wale wanakwenda mbali," akasema. "Majirani wapo karibu."

Nililia usiku ule. Watu wa gari wamepata kwa siku moja kitu ambacho mimi sijapata kukishika.

Jinsi mbegu ilivyokufa ni hivi. Kibuyu kilikaa siku zote juu ya uchaga wa jikoni kwake, pale moshi unapopita, na moshi ndio uliofukuza wadudu. Mume wangu alirudi mara moja akiwa na fedha, akajenga jiko jipya la bati, akasema la zamani libomolewe maana litaua mtu. Jiko jipya likawa langu, kwa kuwa mimi ndiye mpishi. Mama mkwe hakutaka kibuyu kikae juu ya moto wangu. Alikichukua akakiweka chini ya kitanda chake, akakifunika kwa gunia. Nilimwambia huko hakuna moshi. Akajibu, "Huko hakuna Mgeni." Misimu miwili mfululizo mvua ikakata, ghala likafagiliwa mpaka chini, kikabaki kile kibuyu tu. Kilichofuata nimeshakieleza hapo mwanzo.

Baada ya kuosha ungo nilimkuta amekaa kitandani, mikono imelala mapajani. Alikaa hivyo mpaka kesho yake. Sikuwahi kuiona mikono yake ikikaa bure.

Ni bwana shamba aliyekumbuka bahasha. Sasa alikuwa mtu mzima, wenzake wengi wamepunguzwa kazini, anazunguka kata nzima kwa baiskeli. Akaniambia mitama iliyokusanywa miaka ile ilipelekwa nje, na siku hizi orodha yake ipo kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuifungua. Tulipanda basi hadi Singida mjini, tukaingia kwenye duka lenye kompyuta jirani na stendi. Alibofya muda mrefu. Ukurasa ulishuka polepole kutoka juu, kama pazia linalokwama.

Akaninong'oneza, akinitafsiria. Jina la kijiji chetu. Namba ya mbegu. Mtoaji, mkulima mwanamke, mzee. Chini yake palikuwa na mistari na mistari ya herufi, A, C, G na T, hakuna nafasi wala nukta, nikadhani kompyuta imeharibika.

"Hapana," akasema. "Hayo ndiyo maandishi yaliyomo ndani ya mtama wenyewe. Wameusoma. Siyo wote, kipande tu. Sisi wote tumeandikwa kwa hizo nne."

"Nne tu?"

"Nne tu."

"Na mama mkwe?"

"Huyo waliongeza ya tano," akasema bwana shamba, na mwenye duka akatugeukia kwa jinsi tulivyocheka.

Akanieleza kwamba mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, inalala ardhini miaka mingi, na haiamki mpaka isikie harufu ya mzizi wa mtama. Ipo mitama michache ambayo mizizi yake haitoi ile harufu ya kukiamsha, na wataalamu wameanza kutafuta ni kipande gani cha maandishi kinachofanya hivyo. Mtama wetu lazima uwe mmojawapo. Ndipo akasogeza uso karibu na kioo.

"Hapa wamekosea," akasema.

"Wamesema nini?"

"Wameujaribu. Wameandika unashambuliwa sana na kiduha."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimekula mtama ule miaka yote, naye aliuona kwa macho yake umesimama katikati ya maua mekundu. Akasema huko wana maelfu ya bahasha, ni rahisi kuchanganya majaribio. Tukaombe mbegu, na tuwasahihishe. Akaandika kwa Kiingereza, mimi nikiwa pembeni, kwamba wakulima wa kijiji wanathibitisha mtama huu hauliwi na kiduha. Baada ya muda walijibu kwa adabu. Walishukuru, wakasema maelezo yetu yataongezwa kwenye ukurasa, na mbegu itatumwa.

Ilichukua zaidi ya mwaka, kwa vibali na posta. Bwana shamba alikuja na pakiti ya kung'aa mfano wa majani ya chai, ndani yake punje za kujaa kiganja. Nyekundu. Nilipiga goti mbele ya mama mkwe nikamwonyesha. Nilisema, "Mama, mbegu imerudi." Niliweka pakiti mapajani kwake, maana nilitaka anikabidhi yeye, kwa mkono wake.

Aliitazama. Akachukua punje moja, akaing'ata, akaitema. Halafu akanirudishia pakiti.

"Shika basi," akasema. "Panda."

Nilidhani ndiyo siku ile. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, nikamshukuru Mungu.

Tuliipanda yote nyuma ya nyumba, mahali pale pabaya, mimi na bwana shamba, kwa kuwa ndipo mtama wa nyumbani ulipokuwa siku zote na hatukuwa na sababu ya kuuogopea. Niliulinda kama mgonjwa. Nilichota maji mvua zilipochelewa, nikafukuza ndege, nikapalilia kwa vidole. Majirani nikawaahidi. Niliwaambia mimi sitatoa unga, nitatoa punje, kila nyumba. Mama mkwe alileta kigoda chake kila asubuhi, akakaa ukingoni mwa shamba akinitazama, akijipungia nzi waliofuata kidonda chake cha mguuni, kwa chochote kilichokuwa karibu, jani, kitambaa, mwiko. "Umeacha pale," aliniambia. Au, "Mgeni, inama vizuri." Sikumbuki msimu mwingine aliokaa nami muda mrefu hivyo.

Mtama ulipofika magotini, ukasimama hapo. Majani yakaanza kujikunja asubuhi na mapema, udongo ukiwa bado na unyevu. Nikasema ni jua. Kisha nikaona vijani vidogo vikichomoza kwenye mashina, na baada ya siku chache ua la kwanza. Masuke machache yaliyotoka hayakupinda, yalisimama wima. Nikajiambia labda baridi ya jokofu imeyasahaulisha kupinda.

Bwana shamba alikuja, akachuchumaa, akang'oa mtama mmoja na kiduha chake, akatazama mizizi ilivyoshikana. Hakusema kitu kuhusu mtandao. Aliniambia ning'oe kiduha chote, kilichokauka nikichome moto mbali na shamba, nisikitikise hata kidogo, kwa sababu kimoja tu kikimwaga vumbi lake, udongo umekwisha kwa miaka na miaka. Akapanda baiskeli yake. Majirani waliopita njiani waliangalia upande mwingine.

Nilikuwa naking'oa siku ya pili, lundo liko pembeni, mama mkwe amekaa kwenye kigoda chake.

"Mgeni, unang'oa nini?"

"Kiduha, mama."

"Utachoka."

Nikaendelea. Baada ya kitambo akasema, bila kunitazama, "Ule haukuwa mtama wetu."

Nilinyanyuka nikiwa na kiduha mkononi.

"Wale watu wa gari niliwapa wa pombe. Ule wa kununua mnadani, ulikuwa kwenye gunia mlangoni. Niliuchagua tu, ukawa msafi."

"Ulijua toka nilipokuletea pakiti."

"Niliung'ata."

"Mama. Ukanitazama nalima, ukanitazama nachota maji. Kwa nini hukusema?"

Alifikiri. Nadhani alifikiri kwa kweli, maana hakujibu haraka jinsi alivyozoea.

"Nilitaka kuona kama ile mashine yenu ya Singida inanijua," akasema.

Nikamwambia kwamba ilimjua. Nikamweleza kilichokuwa kimeandikwa, kwamba waliujaribu wakasema unaliwa, na kwamba sisi tuliandika kuwakatalia, na sasa maneno yetu yamewekwa pale chini ya jina la kijiji, dunia nzima inayasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, na hata baada ya hapo aliendelea kuyafuta, kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

"Na wa kwetu?" nikauliza. "Haupo popote?"

"Uliuona kwenye ungo."

Nilirudi mstarini nikainama. Nilisikia nzi wakimzengea miguuni, kwenye kile kidonda chake kisichopona. Akanyoosha mkono, akachomoa kiduha kilichokauka kutoka kwenye lundo langu, akaanza kujipungia.